Shomoro wa Tano

Dada yangu aliuza nyanya Kongowea kwa miaka 19. Hakuwa na duka. Alikuwa na meza ya mbao, gunia la kukalia, na mwavuli wenye tangazo la kampuni ambayo ilishafungwa zamani. Nyanya zake alizipanga mafungu, nne chini na moja juu, na mteja akishalipa alikuwa na kawaida ya kutia ya sita mfukoni kabla hajaombwa. Hiyo ya sita ndiyo nyongeza. Kila mnunuzi wa Mombasa anaijua nyongeza, na asipopewa ataidai, tena kwa sauti ya kusikika mpaka meza ya tatu.

Naanza na nyanya kwa sababu ni muuza nyanya aliyenifundisha kusoma mistari ya Biblia niliyodhani naijua. Tulikuwa tumekaa kwenye benchi la hospitali, foleni ya dawa, tangu kabla ya mapambazuko. Hospitali sitaitaja. Ilikuwa mara yake ya pili kutiwa dawa ya saratani kwa mshipa, na tulishajifunza kwamba ukitaka kutoka kabla ya magharibi lazima ufike na giza. Alikuwa na Biblia yake ndogo yenye zipu, na kidole chake kilikuwa kwenye Luka, sura ya 12.

"Wewe si ndiye msomi," akaniambia. "Mathayo anasema shomoro wawili wanauzwa senti moja. Luka naye anasema watano kwa senti mbili. Hesabu hiyo inaenda?"

Nikamwambia wawili kwa moja ni wanne kwa mbili.

"Haya. Huyo wa tano ametoka wapi?"

Nikaanza kusema kwamba labda hao waandishi wawili walisikia habari kwa njia tofauti, au bei ilitofautiana mji na mji. Akaniangalia kama anavyomwangalia mteja anayebonyeza nyanya bila nia ya kununua.

"Ni nyongeza, mdogo wangu. Umechukua wa senti mbili, muuzaji anakutupia mmoja. Huyo hakulipiwa na mtu." Akafunga Biblia, akavuta zipu. "Na nikwambie kitu ambacho nyinyi mnaoandika hamkijui. Nyongeza haitolewi kwa nyanya nzuri. Unaangalia ile imeanza kulegea, ile ukiiacha mpaka kesho utaitupa. Hiyo ndiyo unamwongezea mtu, na yeye anakushukuru."

Kisha jina lake likaitwa.

Nimesikia mahubiri mengi kuhusu shomoro. Sijawahi kumsikia mhubiri akisema kwamba shomoro wa tano huenda alikuwa mgonjwa. Lakini yeyote aliyesimama nyuma ya meza sokoni angelijua hilo bila kufundishwa, na Yesu alikuwa akizungumza na watu wa sokoni. Katika Luka, mara tu baada ya kutaja hiyo bei ya watano, anasema kwamba hakuna hata mmoja kati yao aliyesahaulika mbele za Mungu. Kwa hiyo na yule wa nyongeza hakusahaulika, yule ambaye hata mnunuzi hakumtazama vizuri alipokuwa akimtia kapuni.

Tukae kidogo na hizo pesa, kwa sababu ndani yake mna jambo. Sarafu yenyewe ilikuwa asarioni, sarafu ndogo ya Kirumi. Asarioni 16 zilifanya dinari moja, na dinari, tukiufuata mfano wa vibarua wa shamba la mizabibu katika Mathayo 20, ilikuwa ujira wa kutwa. Piga hesabu: kwa bei ya Mathayo, kibarua wa siku nzima ni sawa na shomoro 32. Kwa bei ya Luka, ya kununua kwa wingi, ni shomoro 40. Walikuwa nyama ya watu wasiofikia nyama. Mwaka 301 Kaisari Diocletian alipotoa amri ya kuweka bei za juu kabisa za bidhaa katika dola yake, shomoro walikuwamo kwenye orodha, wakiuzwa kumi kumi, kama tunavyouza ndimu. Ndiyo maana huwa natabasamu kidogo Yesu anapomalizia kwa kuwaambia wanafunzi wake kwamba wao ni bora kuliko shomoro wengi. Wengi kiasi gani? Arobaini? Hiyo ni siku moja ya kulima.

Dada aliipenda zaidi hesabu nyingine, ambayo niliifanya usiku ule nikamsomea kesho yake. Yule mjane wa Marko 12, aliyetia hekaluni vijisarafu viwili, vyote alivyokuwa navyo. Marko mwenyewe anaeleza kwamba viwili hivyo vilikuwa sawa na kodrante moja, yaani robo ya asarioni. Shomoro mmoja ni nusu asarioni. Ina maana riziki yote ya yule mama haikufika bei ya shomoro mzima.

"Nusu shomoro," dada akasema. "Na Yesu akaita watu waje waone."

Neno tunalolitumia kanisani ni thamani. Tuna thamani machoni pa Mungu, tunathaminiwa, sisi ni wa thamani. Neno hilo tulilipata kwa Waarabu, na huko kwao maana yake ya kwanza ni bei. Hatujalisafisha likatoka harufu ya soko. Mtu akiambiwa ana thamani kubwa kwa Mungu, akilini mwake inakuja mizani, na upande wa pili wa mizani kuna kitu: utakatifu wake, sadaka yake, miaka aliyoimba kwaya, au ile damu ya msalabani, ambayo nayo tumezoea kuieleza kama malipo. Nami sisemi kwamba lugha ya malipo haimo katika Agano Jipya. Imo, Paulo anaitumia. Ila mafungu haya ya shomoro yanatazama mahali pengine. Yanachukua kiumbe ambaye bei yake imeshajulikana, tena ni ya chini kabisa, kisha mwingine ambaye hana bei hata hiyo, na wote wawili Mungu anawatazama sawasawa. Kutazamwa huko hakutokani na bei. Wala hakupandishi bei: kesho asubuhi shomoro watauzwa vilevile, watano kwa mbili.

Wiki ya tatu nywele za dada zilianza kubaki kwenye mto. Msomaji anayekumbuka maandiko hayo anajua kinachofuata baada ya shomoro, kwa Mathayo na kwa Luka pia: nywele za kichwani, kwamba zimehesabiwa zote. Asubuhi moja alizikusanya zikajaa kiganja, akaja nazo jikoni nilipokuwa nachemsha uji.

"Zimehesabiwa," akasema, akinionyesha. "Sasa mwenye hesabu anaona zinapungua, ama bado yuko na ile hesabu ya zamani?"

Sikuwa na jibu. Mhubiri mmoja wa redio alikuwa nalo. Dada alikuwa akimsikiliza usiku usingizi ukikataa, na mhubiri huyo alisema kwamba Mungu humjali sana anayemjali, na kwamba mwenye ugonjwa apande mbegu ya shilingi 5,000 kwenye namba inayosomwa hewani. Akapanda. Aliniambia baada ya siku kumi, bila kunitazama, kwa ile aibu ya mfanyabiashara aliyepunjwa kwenye biashara yake mwenyewe. Pesa hiyo ilikuwa karibu kreti nzima ya nyanya. Nilikasirika sana wakati ule, na hasira yangu ilikuwa juu ya wizi. Siku hizi naona kuna kosa lingine chini yake. Yule mhubiri alimrudisha dada sokoni, sehemu moja tu ambako shomoro wa tano hana nafasi. Maana kama uangalizi wa Mungu una bei, basi kuna watakaoununua, kuna watakaoukosa kwa upungufu wa senti kumi, na mgonjwa ambaye haponi hana la kufikiri ila kwamba alitoa kidogo.

Sisi wengine nasi tulikuwa na soko letu. Tulifungua kundi la WhatsApp la mchango. Unazijua orodha zile: namba, jina, kiasi, kila anayetoa ananakili orodha yote na kujiongeza chini. Mjomba aliyeko Nairobi 20,000. Kwaya 7,300. Jamaa fulani ambaye hatukumtarajia 10,000, na papo hapo simu zikaanza kupigwa kuulizana amepata wapi. Kila usiku dada aliniomba simu asome. Nilidhani anafurahia jumla. Kumbe alikuwa akitafuta za chini. Namba 27 ilikuwa kijana wa mkokoteni, anayewabebea kreti kutoka kwa malori ya Taveta na Loitoktok: shilingi 50. "Huyu," akasema, akiweka kidole juu ya kioo. "Ananidai mia mbili za kubeba. Hajazitaja."

Alifariki mwezi wa nne mwaka jana. Tulimpandisha Taita, tukamzika karibu na mama, mvua ikinyesha. Na pale kaburini yakasemwa yale yanayosemwa. Mungu amempenda zaidi. Mungu huchuma maua yaliyo mazuri. Alikuwa mboni ya jicho lake. Mzee mmoja ninayemheshimu, mtu mpole, alinishika bega akaniambia haya yote yalipangwa kabla hajazaliwa, kwa sababu ya jinsi anavyopendwa. Nilitikisa kichwa kama inavyopasa mbele ya mzee. Moyoni nilikuwa nauliza: na sisi tuliobaki tunapendwa kidogo? Na kama huko ndiko kupendwa, kuna njia ya kuomba kusahauliwa?

Hili ndilo swali ninalotaka kuliuliza bila kulizunguka. Imani ya Kikristo inasema Mungu anamjali muumini kuliko anavyojijali mwenyewe. Inalisema kwa picha zisizo na woga: mama anyonyeshaye ambaye hata akimsahau mwanawe, Mungu hasahau, jina lililochorwa viganjani, baba anayemshika mtoto mikono akimfunza kutembea. Picha hizi si za watu waliokaa raha. Isaya 49, kwenye viganja, inasemwa kwa mji uliobomolewa na watu waliochukuliwa mateka Babeli, nao ndio wanaoanza kwa kulalamika kwamba Bwana amewaacha. Je, ni haki kumwambia mtu anayeanguka kwamba anathaminiwa? Ama ni namna ya kumziba mdomo?

Tazama tena shomoro. Kuna jambo ambalo tunalipita mbio. Hakuna mahali Yesu anasema shomoro haanguki. Anaanguka. Anasema tu kwamba haanguki pasipo Baba. Neno hilo dogo, "pasipo," ndilo linalobeba mzigo wote, na Kigiriki kimeliacha wazi. Pasipo nini cha Baba? Wapo waliojaza: pasipo ruhusa yake. Calvin aliisoma hivyo, akajengea juu yake fundisho zima la majaliwa ya Mungu. Kabla hatujamwona kuwa mtu wa moyo mkavu, tukumbuke alimzika mwanawe mchanga miaka ya arobaini ya karne ya 16, na mkewe Idelette mwaka 1549. Aliposema hakuna kinachoanguka nje ya mapenzi ya Mungu, alikuwa akisema kuhusu nyumba yake. Yule mzee wa makaburini ni mjukuu wa Calvin, ajue asijue, na huenda naye aliwahi kuzika. Baadhi ya tafsiri, za Kiswahili zikiwemo, zimejaza kwa namna ya pili: pasipo Baba kujua. Hii ni pole zaidi, ila nayo ina baridi yake. Daktari alijua. Kujua hakukumsaidia dada.

Mimi nimeishia kwenye namna ya tatu, ambayo haijazi kitu: pasipo Baba, basi. Haanguki akiwa peke yake. Anapofika chini, Baba yupo pale chini. Sina uhakika kwamba hii ndiyo maana pekee, na mwanafunzi wa Kigiriki anaweza kunibana. Lakini angalia maneno hayo yanasemwa wakati gani. Mathayo 10 ni siku ya kuwatuma wale 12. Wanaambiwa watapigwa ndani ya masinagogi, watafikishwa mbele ya maliwali, ndugu atamtoa nduguye auawe. Halafu, katikati ya hayo, shomoro. Ingekuwa ahadi ya kutoguswa, ingekuwa ahadi iliyovunjwa kabla ya wino kukauka, na wale walioiandika walijua tayari akina nani waliuawa. Hata hivyo waliiandika. Waliona ndani yake kitu ambacho kuuawa hakukukibatilisha.

Kuna mwanamke wa Uingereza anaitwa Julian wa Norwich, ambaye mwaka 1373, akiwa na miaka 30 na mahututi kitandani, aliona maono. Katika mojawapo alionyeshwa kitu kidogo kiganjani, cha ukubwa wa kokwa, akaambiwa hicho ndicho vyote vilivyoumbwa. Alistaajabu jinsi hakikuporomoka kikawa si kitu, kwa udogo wake. Akaelewa kwamba kipo kwa sababu Mungu anakipenda. Nchi yake ilikuwa imepitiwa na tauni iliyoua umati wa watu alipokuwa mtoto, kwa hiyo udogo na kuporomoka hakuvisoma vitabuni. Julian alipona, akaishi miaka mingi. Nalisema hili kwa sababu ni rahisi kulificha: aliyetuachia maneno mazuri zaidi juu ya jambo hili ni mgonjwa aliyepona. Wale ambao hawakupona hawakupata nafasi ya kuandika. Dada aliacha daftari la madeni tu.

Katika vitabu vya John Mbiti, mwanateolojia wetu wa Kitui, kuna jambo lililowahi kuniudhi. Katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, baada ya kukusanya yale ambayo watu wa bara hili husema kuhusu Mungu, anaeleza kwamba karibu hakuna usemi unaotamka moja kwa moja kuwa Mungu anapenda. Halafu anatoa sababu: katika maisha ya kila siku pia hatuongei sana juu ya upendo, tunauonyesha kwa matendo. Nikiwa chuoni nilidhani anatutetea kwa kisingizio. Sasa nikikumbuka, baba yetu hakuwahi kumwambia yeyote kati yetu kwamba anatupenda. Alikuwa akituhesabu. Usiku, taa ikishazimwa, alipita mlangoni akihesabu vichwa kwa mnong'ono, na tulikuwa sita, na kama mmoja amelala kwa jirani alianza tena kutoka mwanzo mpaka akumbuke. Kuhesabiwa huko hakukutuzuia kupata malaria. Wala sikumbuki hata mara moja nikiwa na shaka.

Labda ndiyo maana kati ya picha zote naishikilia ile ya nywele, ingawa ndiyo iliyotuumiza. Kuhesabu nywele za mtu ni kazi isiyo na faida. Huhesabu kitu kama hicho ili ukitumie. Mwenye duka huhesabu mali, jeshi huhesabu askari, serikali huhesabu watu igawe maeneo ya uchaguzi. Nywele huhesabu nani? Mama anayemsuka mtoto, pengine, akiwa hana haraka.

Lakini kuna jambo moja lililobaki, na hili sikulipata kanisani. Tunaposema Mungu humjali muumini, mara nyingi tunamaanisha kuliko asiye muumini. Tunajenga ua. Ndani ya ua nywele zimehesabiwa; nje, Mungu anawajua kwa jumla. Ukiisoma hoja ya Yesu vizuri, haiwezi kusimama ndani ya ua huo. Shomoro hana ubatizo. Hasali, haamini, hajawahi kutoa fungu la kumi. Hoja yote inaanzia kwake: ikiwa huyu, asiyejua lolote, yuko machoni pa Mungu, je, nyinyi? Uangalizi juu ya muumini umejengwa juu ya uangalizi kwa kiumbe asiyeamini kitu. Ukiubomoa wa chini, wa juu nao unaanguka. Kwa hiyo nadhani muumini hajapewa jicho la pili la Mungu ambalo wengine hawana. Tofauti yake ni kwamba ameambiwa. Shomoro anaangaliwa na hajui. Muumini anaangaliwa na amepewa habari. Na habari hiyo ni nzito kuibeba, maana sasa anaweza kuuliza maswali ambayo shomoro hawezi kuuliza, kama lile la dada jikoni.

Shogake dada, wa meza ya pili, ni Mwislamu. Kwa miaka 19 walikuwa wakilindiana meza, huyu akienda kuswali, yule akienda mkutano wa akina mama wa kanisa Alhamisi. Nywele zilipozidi kutoka na kuwa mabaka, dada hakutaka kwenda kinyozi. Shoga akaja nyumbani Jumamosi jioni na wembe mpya, sabuni na leso. Akamkalisha kwenye kigoda uani, akatandika gazeti chini, akamnyoa taratibu, akipumzika kila palipokuwa na kidonda. Alichukua karibu saa nzima. Nilishika beseni la maji.

Alipomaliza alikunja lile gazeti na nywele zote ndani, hata zilizodondokea kwenye sakafu aliziokota moja moja kwa kidole alichokilowesha. Kwetu Pwani nywele za mtu hazitupwi ovyo. Akatoka nje, akachimba kwa kijiko cha bustani chini ya mwarobaini, akazifukia. Aliporudi ananawa mikono, dada alikuwa ameshafungwa leso kichwani, amekuwa mdogo ghafla, kama picha yake ya darasa la nane.

"Umezihesabu?" dada akamuuliza.

"Mie nimezizika tu," shoga akasema. "Kuhesabu mwachie mwenyewe."

Dada akacheka mpaka akakohoa, tukampa maji. Akakaa kidogo, akijipapasa kisogo juu ya leso. Halafu akauliza kreti ya nyanya leo imefika bei gani.